Mfungo wa Alhamisi

Kadesh, kando ya Mto Virgin
Septemba 22, 1861

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na sukari yako haijakusumbua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na viganja vimeota sugu. Nisalimie Babu, na uniambie upasuaji wake ulikwendaje, maana hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Mwaka nilioandika hapo juu ndio wenyewe, usidhani nimekosea. Unakumbuka Alhamisi ile niliyofunga kwa ajili ya Babu, yeye akiwa hospitali, ukanituma stoo ya chini nilete chupa ya mapichi ya kufungulia. Nilishuka nikaichukua chupa rafuni. Nilipogeuka, ngazi haikuwepo. Kulikuwa na turubai mlangoni na mwanamke mjamzito amesimama, kashika ufagio kama bunduki. Akaniuliza, "Wewe binti, umepitia wapi?" Nikamjibu kwamba hata mimi nilitaka kumuuliza hivyo hivyo.

Jina lake ni Dada Abigail Stout. Stoo yetu, Bibi, ndiyo nyumba yake. Ameichimba yeye na mumewe Hyrum ubavuni mwa mlima, na ukuta wa nyuma ni ule ule wa mawe mekundu, na rafu ni ile ile. Hyrum ameitwa kwenda kuhubiri Injili ng'ambo na hatarudi kabla ya miaka miwili. Dada Abigail hakuniuliza mengi. Alinipa mkate wa mahindi na asali ya mabua ya mtama, na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu nilipewa jembe kweli. Nachuma pamba.

Ile chupa ya mapichi niliirudisha rafuni, na asubuhi moja haikuwepo. Dada Abigail ameapa hakuila, na yeye si mtu wa kuapa ovyo. Kwa hiyo nimefikiri labda imerudi kwako. Naiweka barua hii pale pale. Ukiipata, nijibu upesi. Babu anaendeleaje?

Mjukuu wako,
Tressa


Nyumbani
Oktoba 9, 2013

Mjukuu wangu Tressa,

Marahaba. Barua yako nimeikuta leo, juu ya rafu, pembeni ya chupa ambayo niliiona siku nyingi na nikajiapiza kwamba ni uzee unanichezea. Nilikaa chini sakafuni nikailia ile barua mpaka karatasi ikalegea. Nilikutuma mapichi, wewe ukaenda karne nyingine. Ningejua ningekutuma chumvi.

Hapa hatujambo. Mti wa pekani umezaa kupita kiasi. Kina dada wa kata yetu ya kanisa wananiletea vyakula mfululizo, viazi vya kuoka na jibini kila siku, hadi friji haifungi. Wanakuulizia. Nimewaambia umekwenda kwa shangazi yako Idaho. Mimi, niliyekufundisha Amri Kumi kwenye meza ya jikoni, nimesema uongo mbele ya kanisa zima, na ulitoka mdomoni laini kama siagi. Mungu anisamehe.

Babu yako hana maumivu tena. Usijisumbue naye, jisumbue na nafsi yako. Vaa nguo nzito, chemsha maji kabla ya kunywa, na usiwaambie watu hao mambo ya mbele. Hakuna anayemshukuru mtu wa namna hiyo.

Kila Jumapili ya mfungo nitashuka stoo na kukusubiri. Kama Bwana alikupitisha ukiwa umefunga, huenda akakurudisha ukiwa umefunga. Jumapili ya kwanza ya Novemba, mwanangu. Usile.

Bibi yako akupendaye,
Arvilla


Kadesh
Novemba 8, 1861

Bibi,

Shikamoo. Barua yako ilichukua muda mrefu kufika. Niliipata juzi, Jumapili imeshapita, na nimesikitika sana kukuwazia umeketi chini peke yako bila mimi. Ingawa sasa nafikiri hata ningejua, isingesaidia. Jumapili niliamka na njaa, na Dada Abigail akatenga uji kama siku nyingine yoyote. Nikamuuliza, si leo tunafunga? Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema, "Nyinyi wa huko mnakotoka mmepoteza hata kalenda?" Huku wanafunga Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Bibi; ile ya Oktoba nilidhani ni mfungo wa mara moja tu. Wanaacha mashamba katikati ya juma na kwenda kanisani kutoa ushuhuda, na chakula walichojinyima wanampelekea askofu awagawie wasio nacho.

Dada Abigail anatarajia kujifungua mwaka mpya. Miguu imemvimba. Anaficha, lakini namwona anavyoshika ukuta. Mkunga ni mmoja tu, Dada Keturah, na anakaa ng'ambo ya mto.

Ulinikanya nisiseme mambo ya mbele, nami nimeshindwa. Nyumba zote hapa zimejengwa bondeni, karibu na maji. Wewe na mimi tunajua kilichobaki pale bondeni, lile dohani moja ambalo watoto wanapandia. Nilikwenda kwa Askofu Crandall nikamwambia mto huu utakuja kuchukua kila kitu, wahamie juu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Binti, mto huu kuku wangu anauvuka bila kulowa kifua." Watu wakacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nina miaka kumi na saba, nani ataniita mkuu?

Bibi, hukuniambia chochote cha maana juu ya Babu. Mwambie aniandikie mistari miwili tu, hata kama mwandiko utatetemeka.

Tressa


Nyumbani
Novemba 19, 2013

Mjukuu wangu,

Nimefurahi kusikia unakula. Hapa baridi imeanza, na kata imegawana nyama ya paa. Dada Melba amevunjika nyonga, lakini ulimi wake haujavunjika.

Sasa nisikilize. Nimeisoma barua yako nikajipiga paji la uso. Alhamisi! Siku uliyopotea ilikuwa Alhamisi, ya kwanza ya mwezi. Sisi tuliweka mfungo wa peke yetu kwa sababu ya upasuaji, na wao huko walikuwa katika mfungo wao wa kila mwezi. Pande mbili zilikuwa na njaa na sala kwa saa ile ile, na ukuta ukalegea. Sisi huku tunafunga Jumapili, nyinyi Alhamisi, tunapishana kama watu wawili wanaogonga mlango mmoja kwa zamu. Nimekuwa muumini miaka sabini na nne na sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku hawa wazee wetu walikuwa wakifunga Alhamisi, ingawa nilifundishwa.

Kwa hiyo, Alhamisi, Desemba 5. Tangu jioni ya kuamkia siku hiyo usitie kitu mdomoni, hata maji. Simama karibu na rafu. Upande huu kutakuwa na aliyefunga.

Mkono wa Babu yako hauandiki.

Achana na mto. Njoo nyumbani.

Bibi


Kadesh
Desemba 12, 1861

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika leo, na Desemba 5 imeshapita. Siku hiyo nilifunga pamoja na wengine, lakini nilikuwa kanisani nikiwashikia kina mama watoto wao, mbali na rafu. Nilipoisoma nililia, kisha nikaenda kupasua kuni mpaka hasira ikaisha. Inayofuata ni Januari 2, na hiyo haitatupita. Najua siku, najua mahali.

Lakini lazima niseme jambo, na usinijibu kwa mzaha. Umeandika "kutakuwa na aliyefunga". Bibi, wewe huruhusiwi kufunga. Daktari alikukataza, na hata askofu alikwambia Bwana hamdai mgonjwa wa sukari njaa yake. Nilikuwepo ulipozimia ile Pasaka. Mwachie Babu. Yeye hajawahi kukosa mfungo hata mmoja, na kama anaweza kukaa kwenye kiti, anaweza kukaa pale stoo. Niahidi kwamba atakuwa Babu.

Dada Abigail ameanza kupata homa za jioni. Namsugua miguu kwa maji ya uvuguvugu. Ananiita dada yake mdogo, na mimi namwacha aniite hivyo. Sijamwambia kwamba naondoka.

Tressa


Nyumbani
Desemba 18, 2013

Tressa,

Heri ya Krismasi, mwanangu, kama itakukuta kabla yake. Nimeoka mikate ya zabibu kwa mazoea, nikawagawia majirani.

Atafunga mtu wa nyumba hii. Hilo nimekuahidi, usiniulize zaidi.

Nakujua wewe. Utatafuta sababu ya kubaki. Utamwona yule mwanamke na tumbo lake, utawaona watoto wa bondeni, utajitia ushujaa. Mimi nimezaliwa hapa, na najua Kadesh ilikwenda na maji, najua na majira yake. Watu wale walikuwa na Mungu wao kabla wewe hujafika. Mimi nina wewe tu.

Januari 2. Njoo.

Bibi


Kadesh, au palipokuwa Kadesh
Januari 9, 1862

Bibi,

Natumaini umeamka, umekula, na kuna mtu amekuona. Nijibu kwanza hilo kabla hujasoma zaidi. Hata kama ni neno moja, liandike uliweke rafuni.

Mvua ilianza siku ya Krismasi na haijakatika. Wiki ile yote nilipita nyumba kwa nyumba nikiwasumbua, mpaka kina mama wakaanza kupandisha watoto na magunia ya ngano mlimani kwetu, wengine kwa hofu, wengine ili ninyamaze tu. Alhamisi asubuhi mto ulikuwa mwekundu na mpana kuliko nilivyowahi kuuona mto wowote, na ulikuwa unabeba miti mizima. Dada Abigail akaanza uchungu. Dada Keturah yuko ng'ambo, na hakuna ng'ambo tena. Humu ndani tulikuwa mimi, yeye, na watoto wa watu wamejazana pembeni wanatafuna mkate.

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Mchana ukuta wa nyuma ukalegea. Sijui niuelezeje. Mawe yalikuwepo lakini hayakuwa na uzito, na nyuma yake nikaona taa ya stoo yetu, na wewe.

Umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jasho linakutiririka, midomo imekauka. Ulikuwa peke yako. Ukanyoosha mkono ukaita jina langu, na sauti yako ilikuwa ya mtu anayekaribia kuzimia.

Hatua mbili tu, Bibi. Nilikuwa nimeshanyanyua mguu. Halafu Dada Abigail akanishika sketi kwa nyuma. Alikuwa haoni ukuta, hajui chochote. Alisema, "Tressa, usiende mbali."

Nikachukua mkate mkononi mwa mtoto aliyekuwa karibu, nikautia mdomoni, nikautafuna nikikutazama. Nilitaka unione. Nilitaka mlango ujifunge ili nisiwe na cha kuchagua tena, na ili wewe uinuke ukale. Uso wako nilivyouona ukifungiwa na mawe sitausahau.

Mtoto amezaliwa jioni. Ni wa kike, mdogo, anapumua vizuri. Dada Abigail alivuja damu sana lakini amepona. Nyumba zote za bondeni zimekwenda, ila dohani moja, unalijua. Watu wote wako hai. Askofu Crandall alipanda akiwa amelowa hadi shingoni, amembeba kuku kwapani. Kesho yake aliniita mbele ya watu akaniomba radhi kwa jina langu kamili.

Sasa nauliza, na sitaki maneno ya kuzunguka. Kwa nini ulifunga wewe? Babu yuko wapi?

Tressa


Nyumbani
Januari 20, 2014

Mjukuu wangu mpendwa,

Nimeamka. Nilianguka pale pale, na Dada Melba, na nyonga yake, ndiye aliyenikuta kwa sababu sikupokea simu. Nilikaa hospitali siku chache. Daktari amenigombeza mbele ya wauguzi kama mtoto mwizi wa sukari. Nimestahili.

Nilikuona ukitafuna. Kwanza nilikukasirikia. Nilikukasirikia muda wote wa hospitali. Kisha nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukinitazama, na nikajua ningekuwa mimi ningeutafuna mkate huo huo, na huyo ndiye mtoto niliyemlea.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Babu yako alifariki, Tressa. Alifariki Alhamisi ile ile, mezani pa upasuaji. Nilikuwa nimesimama juu ya ngazi nakuita, "Tressa, mbona unachelewa na mapichi?" na simu ikalia jikoni. Nilipoipokea nilikuwa na mume na mjukuu. Nilipoiweka chini na kushuka stoo, sikuwa na hata mmoja. Tulimzika Jumatatu. Wanaume wa kata walibeba jeneza, na kila mtu aliniuliza kwa nini hukuja kutoka Idaho kumzika babu yako. Nilisema una homa.

Yeye nimefunganishwa naye kwa ndoa hekaluni, kwa sasa na milele, na wala sina wasiwasi naye. Ananisubiri, na anajua kusubiri, miaka hamsini alinisubiri kwenye gari kila Jumapili nikiaga watu. Wasiwasi wangu ulikuwa wewe. Niliogopa ukijua Babu hayupo utaona huku hakuna cha kurudia ila kizee kimoja kigonjwa, na huko kuna watu wanaokuhitaji. Kwa hiyo nilimfanya marehemu afunge. Unisamehe. Nilitaka uje, na nikatumia jina lake kukuvuta.

Nilipotoka hospitali nilikwenda kwa Askofu Rowley nikamweleza yote, tangu mapichi hadi mkate. Nilitegemea amwite daktari. Alizungusha kofia yake mikononi, kisha akauliza swali moja tu. "Dada Arvilla, tufunge siku gani?"

Kata nzima itafunga Alhamisi, Februari 6. Hajawaambia zaidi ya kwamba kuna binti wetu yuko safarini na hawezi kurudi peke yake. Hakuna aliyeuliza njia. Mimi nimekatazwa kufunga na nimekubali. Nitakula uji wangu asubuhi, niwe na nguvu.

Lakini siku hii sikuamuru. Ukija, njoo. Ukibaki, niandikie unavyoishi, nami nitasoma na sitakulaumu. Kama kuna haki niliyokunyima, ni ya kujua ndipo uchague. Sasa unajua.

Bibi yako,
Arvilla


Ubavuni mwa mlima
Alhamisi, Februari 6, 1862

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imekaa nami siku nne. Mvua imekatika na jua limetoka, na watu wanapima viwanja vipya huku juu, hapa hapa ambapo siku moja kutakuwa na mtaa wetu.

Nimemlilia Babu mahali ambapo bado hajazaliwa. Hata babu yake hajazaliwa. Niliwaambia hapa kwamba nimefiwa, na hawakuniuliza barua imeletwa na nani. Kina mama walikuja wakaketi nami mchana kutwa, wakishona. Askofu Crandall akaniuliza jina lake ili alitaje katika sala, nikamwambia, na akamwombea Orval, mtu ambaye hatakuwepo duniani mpaka yeye mwenyewe awe ameoza kaburini. Nilijiona mdogo sana, na nilijiona nimeshikwa pande zote.

Ulikosea jambo moja, Bibi. Ulidhani nilikuwa narudi kwa Babu. Nilikuwa narudi nyumbani, na nyumbani ni nyinyi wawili, na akipungua mmoja ndiyo sababu zaidi ya kurudi. Uliniacha nikose kumzika. Hilo limeniuma na litaniuma muda mrefu, na nitakwambia hivyo usoni, na utanisikiliza bila kunipa chakula cha kuninyamazisha. Kisha utanipeleka kaburini.

Nimemweleza Dada Abigail kila kitu. Alinyonyesha mpaka nikamaliza. Akasema, "Nilijua tangu siku ya ufagio kwamba hukupitia mlangoni." Amefunga leo pamoja nami, ingawa mwenye kunyonyesha hafungi, na nimemgombeza kama daktari wako alivyokugombeza wewe, na hakusikia kama wewe usivyosikia. Amekaa nyuma yangu na mtoto mapajani. Safari hii hakunishika sketi. Alinisuka nywele, akanifunga shali yake begani, akasema niende kabla hajabadili mawazo.

Ukuta umeanza kulegea. Nasikia watu wakiimba upande wako. Ni wengi, Bibi. Nasikia na sauti yako, inapotea kwenye noti ile ile kama siku zote.

Barua hii siiweki rafuni. Naileta mwenyewe.

Tressa